Jozi ya Kuku wa Bluu, Vifaranga wa Rangi Tatu

Lalamiko hili limekuwa la kawaida kwa wafugaji wa kuku wa mapambo, kuanzia Kisauni hadi Likoni, hapa Mombasa. Mtu kanunua jogoo na koo, wote wa bluu, kwa bei ambayo ingemtosha kununua mbuzi. Mayai yameatamiwa, siku ya 21 imefika, na waliototolewa wana rangi tatu: kuna weusi, kuna bluu, na kuna weupe wenye matone ya kijivu. Mnunuzi anapiga simu: "Bwana, umeniuzia machotara." Muuzaji, ambaye naye hajui, anajitetea kwamba huenda jogoo wa jirani aliruka ukuta.

Wote wawili wamekosea. Kuku wale wanaweza kuwa safi kabisa, jogoo wa jirani hana hatia, na matokeo hayo yangeweza kuandikwa kwenye karatasi kabla yai la kwanza halijatagwa. Bluu ya kuku ndivyo ilivyo. Haitulii.

Mkanganyiko huu umezidi tangu watu waanze kutangaza "rangi mpya" za kuku wa kigeni kama Brahma na Orpington, na sasa hata za kuchi wetu wa Pwani. Wengine wanadhani rangi mpya huvumbuliwa, wengine wanadhani hutokana na chakula, na wapo wanaochanganya jogoo mweupe na koo mweusi wakingoja kijivu kama fundi anayechanganya rangi za ukuta.

Maneno kwanza

Kuku wa mbegu ya jadi ni yule ambaye umbo, ukubwa na tabia zake zimeshikamana kwa vizazi vingi, kiasi kwamba ukipandisha wawili unajua utakachopata. Pwani tunaye kuchi: miguu mirefu, shingo iliyosimama, manyoya yaliyobana mwilini, undu mfupi uliolala kichwani. Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa kwa kuchi wa Tanzania vilionyesha kwamba nasaba yake inakaribiana na Shamo, kuku wa mapigano wa Japani, jambo lisilomshangaza anayeijua historia ya bandari zetu. (Kupiganisha kuku ni kosa kisheria hapa Kenya, tuliseme hilo tupite.) Waliokuja majuzi kwa njia ya ufugaji wa mapambo ni Brahma, Orpington, Cochin, Silkie na wenzao.

Rangi mpya ni rangi ambayo tayari ipo kwa kuku fulani duniani lakini haikuwapo kwa mbegu hii. Hakuna anayeibuni. Kinachofanyika ni kuihamisha kutoka mbegu moja hadi nyingine, kisha kuondoa kila kitu kingine kilichoifuata. Orpington ni mfano mzuri. William Cook wa Kent, Uingereza, alimtoa yule mweusi mwaka 1886. Wa rangi ya hudhurungi nyepesi alikuja 1894, na Cook hakumpata kwa yule mweusi. Alianza upya na mbegu tofauti kabisa, akiwemo Cochin. Wa chokoleti walifuata miaka ya 1990. Jina ni moja, lakini kila rangi ilipita njia yake.

Jeni ni maagizo anayorithi kifaranga, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, kwa kila sifa. Jeni tawala ni ile inayojitokeza hata ikiwa moja tu. Jeni fichika hujitokeza zikikutana mbili. Ikiwa moja, kuku huibeba bila kuionyesha. Ipo ya tatu, tawala nusu, ambayo ikiwa moja huleta sura hii na zikiwa mbili huleta sura nyingine. Hii ya tatu ndiyo inayowagombanisha watu kwa simu.

Jambo la mwisho kabla hatujaingia ndani. Kwa binadamu mtoto huwa wa kiume au wa kike kwa kutegemea alichopewa na baba. Kwa kuku ni kinyume: jogoo ana kromosomu mbili za Z, koo ana Z moja na W moja. Kwa hiyo jeni yoyote iliyokaa kwenye Z, koo hana nafasi ya kuibeba kwa siri. Ama anayo na inaonekana, ama hana. Lishike hili, litatufaa.

Wino, chapa na maji

Ingia duka lolote la kanga Biashara Street. Chapa ile ile, yenye pindo la korosho, utaikuta ya nyekundu, ya buluu na ya zambarau. Mchoro haujabadilika, wino ndio umebadilika. Manyoya ya kuku yanafanya kazi hivyo hivyo, na tofauti moja: kuku ana wino wa aina mbili tu, mweusi na mwekundu. Kila rangi nyingine unayoiona ni moja kati ya hizo mbili, au zote mbili, imetiwa maji, imezuiwa, au imepangwa mahali fulani pa unyoya.

Kwa hiyo ukimtazama kuku jiulize maswali matatu. Ana wino gani? Wino umekaa wapi: mwili mzima, shingoni na mkiani tu, kwenye ukingo wa unyoya, au kwa milia? Na je, kuna kitu kinachoufifisha? Kila swali lina jeni zake, na jeni hizo hurithiwa kila moja kwa njia yake. Mtu anayesema "nataka kuku wa bluu mwenye ukingo wa dhahabu" ametaja mambo matatu kwa mpigo. Si ajabu akingoja miaka.

Jeni inayoamua chapa kuu ina sura kadhaa, kutoka ile inayomfanya kuku awe mweusi mwili mzima hadi ile ya kuku-mwitu, jogoo mwenye shingo nyekundu na kifua cheusi. Kuku wengi wa kienyeji huku wamebeba sura mbili tofauti kwa pamoja, ndiyo maana koo mmoja wa mtaani anaweza kutoa vifaranga kumi wasiofanana hata wawili.

Bluu, nyeusi na matone

Sasa hesabu yenyewe. Jeni ya bluu ni tawala nusu na hufifisha wino mweusi. Kuku mweusi asiye nayo hubaki mweusi. Akiwa nayo moja, anakuwa bluu, yaani kijivu cha moshi. Akiwa nazo mbili, wino unafifia mno hadi anakuwa karibu mweupe, na matone ya kijivu na meusi yaliyotapakaa. Huyu wafugaji humwita splashi.

Bluu ana jeni moja na nafasi moja tupu. Ukipandisha bluu kwa bluu, kwa wastani robo ya vifaranga watakuwa weusi, nusu bluu, robo splashi. Bluu kwa mweusi ni nusu bluu, nusu weusi. Bluu kwa splashi ni nusu kwa nusu tena. Splashi kwa splashi ni splashi watupu. Na splashi kwa mweusi? Wote bluu, hata mmoja hakosi.

Hapo ndipo faida ilipo. Anayetaka vifaranga wa bluu watupu hahitaji jozi ya bluu. Anunue jogoo splashi na makoo weusi, ambao mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu watu huwaona kama "waliokosea". Muuzaji anayejua kazi yake angemwambia mteja hivyo mapema, na lawama zisingekuwapo.

Neno "wastani" nalo lisipuuzwe. Robo haimaanishi kwamba katika kila mayai manne moja litatoa splashi. Kila yai linajitegemea na halijui lililotangulia limetoa nini. Ukiangua vifaranga wanane kwa bluu na bluu, inawezekana kabisa usimpate splashi hata mmoja, na hakuna kilichoharibika. Hesabu huanza kukaa sawa ukifika vifaranga thelathini, arobaini.

Chunguza unyoya wa kifua wa bluu mzuri. Uchukue mmoja, uushike dhidi ya mwanga. Katikati ni kijivu kilichotulia. Ukingoni kuna mstari mwembamba mweusi zaidi, kama wanja. Mstari huo ndio wafugaji wa Orpington na Andalusian wanaoutafuta. Ukiona wekundu au kutu shingoni, mambo mawili yanawezekana: kuku hana weusi kamili chini ya ile bluu, au jua limemchoma. Jua la Mombasa huifubaza bluu haraka, na hudhurungi nyepesi vilevile, kwa hiyo banda lenye kivuli si anasa. Njia ya kutofautisha ni rahisi: inua manyoya ya juu utazame yaliyofunikwa. Kutu ya jua haifiki huko.

Kifaranga mweusi naye huwapotosha wengi. Akitoka yaini, tumbo lake na ncha za mabawa ni nyeupe au manjano. Watu humtenga wakisema ni chotara. Ni mweusi safi, na manyoya yatakapoota ule weupe utaondoka.

Na wale wa jogoo mweupe na koo mweusi? Imani hii haifi kwa sababu mara moja moja hufaulu: "mweupe" yule alikuwa splashi asiye na matone mengi. Akiwa mweupe wa aina nyingine, matokeo ni tofauti kabisa.

Weupe wa aina mbili, na jogoo wa jirani

Weupe si wino, ni kukosekana kwake, na unakosekana kwa njia zaidi ya moja. Kuku weupe wa kibiashara, kama White Leghorn, wana weupe tawala: hata jeni moja huzima wino mweusi, ingawa mwekundu huponyoka kidogo kifuani na mabegani. Chini ya weupe huo kunaweza kuwa na milia, weusi, dhahabu, chochote. Ukimtumia kuku wa namna hii katika mpango wa rangi, vizazi viwili baadaye utaona mambo ambayo hukuyaagiza.

Weupe wa pili ni fichika. Jogoo mwekundu na koo mweusi, wote wakiwa wamebeba jeni hiyo moja moja, watatoa kifaranga mweupe mmoja katika kila wanne kwa wastani. Hapa ndipo jogoo wa jirani husingiziwa. Kabla hujaenda kugonga mlango wa mtu, tambua kwamba weupe huo huenda umekaa kwenye kuku wako tangu enzi za bibi.

Ni kweli hata hivyo kwamba jogoo aliyekwisha kuondolewa anaweza kuzaa. Koo huhifadhi mbegu za jogoo ndani ya mwili wake, na anaweza kutaga mayai yenye kifaranga kwa wiki mbili, pengine karibu tatu, baada ya kutenganishwa. Ukibadilisha jogoo, mayai ya wiki tatu za mwanzo yapeleke jikoni, kisha anza kukusanya ya kuatamisha. Wanaoshindwa kungoja ndio wanaopata vifaranga wa baba wawili na kuandika kumbukumbu za uongo bila kujua. Ile imani kwamba koo akipandwa mara moja na jogoo wa kienyeji "ameharibika" maisha yake yote haina msingi. Zikipita wiki tatu, amesafika.

Lavenda inaonekana bluu, lakini si bluu

Kijivu cha pili ni lavenda. Ni chepesi, sawasawa mwili mzima, bila ule ukingo wa wanja. Sokoni huuzwa kwa jina moja na bluu, na hilo ni kosa kubwa kwa mfugaji, maana hurithiwa kwa njia nyingine kabisa. Lavenda ni fichika. Lavenda kwa lavenda hutoa lavenda watupu, kizazi baada ya kizazi. Lavenda kwa mweusi hutoa weusi watupu, na kila mmoja wao amebeba lavenda bila kuonyesha. Mnunuzi asiyejua atawachinja hao weusi akidhani rangi imepotea.

Ukipandisha wabebaji hao wawili, robo watakuwa lavenda. Kwa hesabu ya bahati, ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kumpata angalau jogoo mmoja na koo mmoja wa lavenda, unahitaji vifaranga 28 hivi. Ikiwa mayai yako yanatotoka saba katika kumi, hayo ni mayai 40. Anayeatamisha kumi na mawili anacheza kamari.

Mweusi anayebeba na mweusi asiyebeba hawatofautiki kwa macho. Njia ya kumjaribu ni kumpandisha na lavenda. Akiwa mbebaji, nusu ya vifaranga watakuwa lavenda. Wakitoka saba weusi mfululizo, uwezekano kwamba ni mbebaji aliyebahatika kuwaficha wote ni chini ya mmoja katika mia.

Lavenda ina ubaya wake. Ukiipandisha yenyewe kwa yenyewe vizazi vingi, hasa kwa Orpington, manyoya ya mkiani na mabawani hudhoofika, yanachanika nyuzi nyuzi, mengine hayafunguki. Dawa inayojulikana ni kurudi kwa mweusi mwenye manyoya mazuri kila baada ya vizazi viwili hivi, kisha kuwapandisha watoto wao ili lavenda ijitokeze tena. Unapoteza muda, lakini unaokoa manyoya.

Rangi zinazofuata jinsia

Turudi kwenye ile Z. Jeni ya fedha na dhahabu, ya milia, na ya chokoleti zote zimekaa hapo, na ndizo zinazowezesha kutambua jinsia ya kifaranga siku anapototolewa.

Jogoo wa dhahabu, kama Rhode Island Red, akipanda koo wa fedha kama Light Sussex, vifaranga wa kiume huwa manjano nyepesi na wa kike hudhurungi. Jogoo mweusi asiye na milia akipanda koo wa milia, kama Plymouth Rock wa milia, vifaranga wote huwa weusi lakini wa kiume ana doa jeupe utosini. Ukigeuza, yaani jogoo wa milia juu ya koo mweusi, wote wanapata doa na ujanja umekufa. Kila kitu kiko kwenye mwelekeo.

Chokoleti ni fichika na iko kwenye Z, kwa hiyo ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Jogoo wa chokoleti kwa koo mweusi: binti zote ni chokoleti, wana wote ni weusi wabebaji. Koo wa chokoleti kwa jogoo mweusi: hapati chokoleti hata mmoja, binti hawana kabisa, wana ni wabebaji. Mnunuzi aliyepata koo mmoja tu wa chokoleti asikate tamaa. Awatunze wana wake weusi, ampandishe mmoja kwa koo mweusi yeyote wa mbegu hiyo, na nusu ya binti watatoka chokoleti.

Kumtia kuchi bluu

Tuseme mtu anataka kuchi wa bluu na hana mwenye bluu ya kuanzia. Ataitoa kwa mbegu nyingine. Orpington splashi anafaa kuliko Brahma, kwa sababu Brahma ana manyoya miguuni, na sifa hiyo hujitokeza kwa urahisi na huchukua muda mrefu kuiondoa. Kuchi asiye na miguu mitupu hana soko.

Jeni ya bluu haiko kwenye Z, kwa hiyo mwelekeo haujalishi kirangi. Kwa upande wa kazi, heri jogoo awe kuchi na makoo wawili watatu wawe Orpington splashi, maana Orpington hutaga mayai mengi zaidi. Jogoo awe mweusi tii hadi shingoni. Akiwa na nyuzi nyekundu shingoni, wekundu huo utaonekana kwenye bluu zote zitakazofuata.

Kizazi cha kwanza wote watakuwa bluu, wanene, wa umbo la katikati, wasiofanana na kuchi wala Orpington. Usiwauze kama "kuchi wa bluu". Hapo ndipo udanganyifu mwingi unapotokea, mara nyingine bila nia mbaya. Chagua binti wawili au watatu warefu zaidi wenye undu mfupi, wapandishe kwa jogoo mwingine wa kuchi mweusi asiye baba yao. Nusu ya vifaranga watakuwa bluu. Chagua tena kwa umbo, rudia. Damu ya kuchi inakwenda hivi kwa wastani: asilimia 50, kisha 75, kisha 87.5, kisha 93.75. Kizazi kimoja, kutoka yai hadi yai, huchukua miezi tisa hadi mwaka, kwa hiyo kazi hii ni ya miaka minne au zaidi. Uzuri wa bluu ni kwamba inaonekana kila hatua. Ingekuwa lavenda, ungelazimika kila mara kusimama upandishe wabebaji kwa wabebaji ili uione, na muda ungekaribia mara mbili.

Kuna mtego unaongoja mwishoni. Undu mfupi wa kuchi huuzidi nguvu undu mrefu wa Orpington, ambao hukaa kimya ndani ya uzao miaka yote hiyo. Siku unapopandisha ndugu wawili ili upate splashi wako wa kwanza wa kuchi, undu mrefu wenye meno huchomoza kwa baadhi yao. Mpango haujashindwa, hao waende sufuriani na uchaguzi uendelee. Urithi wa undu, kwa taarifa tu, ndio mwanasayansi Mwingereza William Bateson aliotumia mwaka 1902 kuonyesha kwamba kanuni za urithi za Mendel zinafanya kazi kwa wanyama pia.

Bila kumbukumbu, hayo yote ni bure. Andika kwa penseli kwenye yai namba ya banda na tarehe. Siku ya 18 tenganisha mayai ya kila banda kwenye vikapu vya waya vyenye kifuniko ndani ya mashine ya kutotolea, kwa sababu vifaranga wakishachanganyika hakuna atakayewapanga tena. Wakikauka, wavishe pete za plastiki miguuni, na uzibadilishe kadiri mguu unavyokua, la sivyo pete hukata nyama.

Mayai na hewa ya Mombasa

Maelekezo mengi ya mashine za kutotolea yameandikiwa nchi kavu au za baridi. Hapa yanaua vifaranga. Yai linapaswa kupoteza asilimia 12 hivi ya uzito wake kufikia siku ya 18. Lenye gramu 50 lifike 44. Hewa ya Mombasa ya nyuzi 29 yenye unyevu wa asilimia 75, ikiingia mashineni na kupashwa hadi nyuzi 37.5, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 47. Hicho ndicho kiwango kinachotakiwa. Kwa hiyo siku 18 za mwanzo usijaze maji kwenye trei, labda kaskazi kavu sana. Anayejaza huishia na vifaranga waliokomaa wakafia ndani ya gamba, wamelowa, kisha anailaumu mbegu. Siku tatu za mwisho ndipo utie maji, unyevu ufike asilimia 65 hadi 70.

Kuhifadhi mayai ni tatizo jingine. Juu ya nyuzi 21 kiinitete huanza kukua kivivu, kisha hufa. Nyumba zetu ziko juu ya hapo mchana na usiku. Kusanya mara tatu kwa siku, weka mahali penye ubaridi kuliko pote, usipitishe siku nne au tano. Joto la Januari hadi Machi pia hudhoofisha mbegu za majogoo. Mayai ya Juni hadi Septemba hutotoka vizuri zaidi, na heri mpango mkubwa uwekwe miezi hiyo.

Ya sokoni

Chakula hakibadilishi rangi ya manyoya kutoka moja hadi nyingine. Mahindi ya manjano na majani hukoleza kiini cha yai na miguu ya kuku mwenye ngozi ya manjano, basi. Lishe mbovu huleta manyoya yaliyofifia na kukatika, lakini hakuna pumba itakayomfanya mweusi awe bluu.

"Cemani" ni neno linalouzwa ovyo. Ayam Cemani wa Indonesia ana jeni inayotia weusi kwenye ngozi, undu, nyama hata mifupa, ile ile aliyonayo Silkie. Damu yake ni nyekundu kama ya kuku yeyote. Kuku mweusi wa manyoya tu si Cemani: mfungue mdomo, tazama kaakaa na ulimi. Vikiwa na wekundu wa waridi, unauziwa mweusi wa kawaida kwa bei ya mgeni. (Mganga akitaka kuku mweusi tii, huo ni upande mwingine wa soko, na bei yake ina mantiki yake.)

Wapo wanaopaka rangi. Chovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, sugua unyoya wa chini ya bawa. Kisha utenganishe utazame shina na ngozi: wino wa kuzaliwa huanzia ndani, wa kupaka huishia pale brashi ilipofika.

Kuku wa manyoya yaliyojikunja wanapendwa huku kwa sababu ya joto, kama kishingo, yule wa shingo isiyo na manyoya. Jeni ya kujikunja ni tawala nusu: moja huleta yale manyoya mazuri, mbili huleta manyoya dhaifu yanayokatika hadi kuku akabaki karibu uchi. Usipandishe wawili waliojikunja. Mmoja kwa wa kawaida hutoa nusu kwa nusu, inatosha. Kishingo hana tatizo hilo. Mwenye jeni moja hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo, mwenye mbili shingo yake ni tupu.

Lililobaki ni damu kukaribiana. Rangi adimu huanza na kuku wachache, na mfugaji huvutwa kupandisha kaka kwa dada mwaka baada ya mwaka. Dalili ya kwanza haionekani kwenye rangi. Utaiona kwenye mashine: mayai yasiyo na kitu yanaongezeka, vifaranga wanatotoka wachache, wanaopona ni wadogo. Weka angalau majogoo watatu wasiotoka tumbo moja, kila mmoja na makoo wake, na binti wa banda la kwanza waende kwa jogoo wa banda la pili, wa pili kwa la tatu, wa tatu kwa la kwanza. Kwa mpangilio huo kundi dogo huenda miaka mingi. Ukihitaji damu ya nje, badilishana jogoo na mfugaji mwenzako aliye mbali, Mtwapa au Ukunda, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni: akae peke yake wiki nne, awe amechanjwa dhidi ya ugonjwa wa kideri, kabla hajasogea karibu na makoo wako.